Mpangaji anakuja na mbwa: Mwenye nyumba akubali au akatae?

Jumamosi asubuhi dalali analeta familia kuangalia vyumba vya uani. Tuseme nyumba iko Tabata, Dar es Salaam. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane, anayeishi upande wa mbele na wajukuu wake wawili. Uani ana vyumba sita. Vinne vina wapangaji, viwili vimekaa wazi tangu mwezi uliopita, na ada ya shule ya wajukuu inamsubiri.

Familia inapendeza. Baba ana kazi ya kueleweka, mama ni mchangamfu, watoto watatu wana adabu. Wameuliza habari za maji na LUKU, wameangalia choo, na wako tayari kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wakati wanaaga, mtoto wao wa kiume wa miaka kama kumi anauliza: “Bibi, Popi atalala wapi?”

Dalali anakohoa. Baba anacheka kwa aibu.

“Samahani mama, tulikuwa tunakuja huko. Tuna mbwa mmoja. Mpole sana, hana shida na mtu.”

“Haya baba,” anajibu mama mwenye nyumba. “Nipeni hadi kesho.”

Ana usiku mmoja wa kuamua. Akikataa, huenda vyumba vikakaa mwezi mwingine bila mtu. Akikubali, uani kuna wapangaji wengine wawili, na mmoja ana mtoto anayetambaa. Wenye nyumba wengi wamewahi kuwa mahali alipo mama huyu, na wazazi wengi wanaopanga wamewahi kuwa upande wa pili, wakiwa na paka, mbwa, sungura au kuku wawili wasiojua wawatangaze vipi.

Jibu la haraka lina gharama

Wapo wenye nyumba wanaomaliza mjadala kwa maneno mawili: hakuna mifugo. Ni haki yao. Kwa Tanzania, jambo hili huachwa kwenye makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji, na anayemiliki nyumba ndiye anayeijua.

Shida ni kwamba katazo la mdomo, lisilo na sababu wala maandishi, huvunjwa kimya kimya. Mpangaji anahamia peke yake, wiki ya tatu paka anatokea “amekuja mwenyewe”. Mbwa anakuwa “wa shemeji, tunamshikia kidogo tu”. Kuku anafichwa nyuma ya jiko. Mwenye nyumba akigundua, mnyama ameshazoea na watoto wameshampenda, na kumtoa kunakuwa ugomvi wa uani mzima.

Kuna hasara kubwa zaidi. Mnyama anayefichwa mara nyingi hachanjwi. Siku ya chanjo ikitangazwa mtaani, mwenye mbwa wa siri hatamtoa nje watu wamuone. Kwa hiyo nyumba inayojisifu kuwa haina mbwa inaweza kuwa ndiyo yenye mbwa asiyechanjwa.

Kukubali bila kuuliza nako kuna gharama. Mwezi wa pili kinyesi kiko karibu na bomba, mwezi wa tatu jirani anayefanya kazi zamu ya usiku halali mchana kwa kelele za kubweka, na mwezi wa nne mtoto wa mtu amengʼatwa. Hapo kila mtu anamgeukia mwenye nyumba: si wewe uliyemruhusu?

Ndiyo maana kabla ya kusema ndiyo au hapana kuna swali la kuuliza: nani atawajibika kwa mnyama huyu, kila siku, na kwa pesa ya nani? Likijibiwa kabla ya funguo kukabidhiwa, mengi yaliyobaki hupungua uzito.

Anza na uwanja

Mbwa yuleyule anaweza kufaa katika nyumba moja na kuwa hatari katika nyingine. Hivyo mwenye nyumba aanze kwa kuutazama uwanja wake.

Nyumba inayojitegemea, yenye uzio na geti la familia moja, haina ugumu mkubwa. Mbwa ana pa kukimbia, na anayeingia anajua kuna mbwa. Hapa mazungumzo ni ya usafi, chanjo na uharibifu wa nyumba yenyewe: milango iliyokwaruzwa, nyavu za mbu zilizochanwa na kucha za paka, au mkojo ulioingia kwenye dari baada ya paka kupata tundu la kupandia.

Nyumba ya vyumba vya kupanga yenye uwanja mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia na choo cha pamoja ni habari nyingine. Mnyama wa mmoja huko ni mnyama wa wote. Mpangaji anayesema mbwa wake ni mpole anasema kweli: ni mpole kwake. Hajui atakavyokuwa kwa mtoto wa jirani anayemkanyaga mkia akiwa analala, au kwa mgeni anayeingia usiku umeme umekatika.

Kwenye ghorofa, tatizo kubwa ni sauti na ngazi. Paka anaweza kuishi ndani bila mtu kujua. Mbwa mkubwa anayefungiwa kutwa nzima kwenye vyumba viwili, wenyewe wakiwa kazini, atabweka na kutafuna milango, na hilo halitaisha kwa kumpiga.

Swali la kujiuliza ukiwa umesimama uani ni jepesi: mnyama atalala wapi, atajisaidia wapi, na njia yake inakutana wapi na njia ya watoto? Kama huwezi kuonyesha kwa kidole sehemu hizo tatu, nyumba hiyo haina nafasi ya mbwa, hata kama mwenye nyumba anapenda mbwa.

Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto

Hili ndilo jambo ambalo mwenye nyumba hapaswi kulilegezea. Kichaa cha mbwa huenezwa na mate ya mnyama mwenye virusi, kwa kungʼata, kukwaruza, au kulamba penye kidonda. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Lakini kinazuilika, kwa kumchanja mbwa mapema na kwa kumtibu aliyengʼatwa kabla dalili hazijatokea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na kwamba asilimia 40 ya wanaongʼatwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Sababu si ngumu. Watoto ni wafupi, wanakimbia, wanapenda kumkumbatia mbwa, na wakikwaruzwa kidogo huficha wasigombezwe.

Kwa hiyo sharti la kwanza kwa mpangaji mwenye mbwa au paka ni kadi ya chanjo. Kauli ya “alichanjwa” haitoshi. Iwe kadi yenye tarehe, kwani chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa, na utaratibu uliozoeleka ni kila mwaka. Mbwa mdogo huanza akifika umri wa miezi mitatu hivi. Asiye na kadi anaweza kwenda kwa ofisa mifugo wa kata au kwa daktari wa mifugo, akachanja, ndipo akaja na mizigo.

Wazazi wote wa uani, wenye mbwa na wasio na mbwa, wajue pia la kufanya mtoto aking’atwa au akikwaruzwa. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 bila kupunguza. Kisipakwe mafuta ya taa, pilipili wala dawa za kubahatisha. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mwenye mbwa anaapa kuwa mbwa wake ni mzima. Akianzishiwa chanjo, arudi kila tarehe anayopangiwa. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama, na ofisa mifugo aarifiwe amfuatilie kwa siku 10.

Mchanga, viroboto na mama mjamzito

Magonjwa mengine hayatishi hivyo, lakini ndiyo yanayoleta manungʼuniko ya kila siku. Kinyesi cha mbwa na paka huweza kuwa na mayai ya minyoo. Mtoto anayetambaa hushika udongo, kisha hutia mkono mdomoni. Wapo pia minyoo ambao viluwiluwi vyao hupenya ngozi ya miguu peku na kuacha mistari inayowasha. Kwenye nyumba nyingi lundo la mchanga wa ujenzi uani ndiko watoto wanakochezea, na ndiko paka anakofukia haja yake. Lifunikwe kwa turubai, au liondolewe.

Viroboto huhama kutoka kwa mnyama kwenda kwenye godoro, na havijui chumba cha nani. Mapunye nayo huweza kutoka kwa paka na kuishia kwenye kichwa cha mtoto. Dawa za minyoo na viroboto kwa mnyama zipo kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukumbuka.

Kuhusu mama mjamzito na paka, hofu imezidi ukweli. Ni kweli kuna kimelea kiitwacho toksoplasma kinachoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini kimelea hicho huhitaji siku moja au zaidi baada ya haja kutoka ndipo kiweze kuambukiza. Boksi la paka likisafishwa kila siku na mtu mwingine, si mjamzito, hatari inapungua sana. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa nazo huleta kimelea hichohicho. Hivyo mjamzito akihamia uani, si lazima paka afukuzwe. Kinachotakiwa ni kubadilisha nani anasafisha.

Imani ya jirani nayo ni sehemu ya nyumba

Uani wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hukaliwa na watu wa imani tofauti. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani hii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani ambaye ametawadha na anapita na miguu mibichi, kisha mbwa akamgusa, atalazimika kujitoharisha pale alipoguswa. Akilalamika, hana chuki na mnyama wala na mwenye mnyama. Analinda swala yake.

Paka yuko upande mwingine: si najisi, na nyumba nyingi za Kiislamu huishi naye kwa upendo. Ndiyo maana jibu la “paka sawa, mbwa hapana” ni la kawaida katika nyumba nyingi za pwani.

Mwenye nyumba mwenye busara huwauliza waliomo kabla ya kumjibu anayekuja. Si kwamba wapangaji wapige kura juu ya nyumba yake. Lakini mama mwenye mtoto anayetambaa anajua mambo ya uani ambayo mwenye nyumba, akiwa upande wa mbele, hayaoni. Na aliyeulizwa mapema huvumilia zaidi kuliko aliyeamka akamkuta mbwa mlangoni.

Ukikubali, andika

Mikataba mingi ya kupanga ni karatasi moja: jina, vyumba, kodi, tarehe, sahihi. Nafasi ya mistari michache ya mnyama haikosekani. Mistari hiyo itaje:

Mnyama gani na wangapi. “Mbwa mmoja” si sawa na “mbwa”. Mbwa jike au paka jike ambaye hajafungwa uzazi anaweza kuongeza idadi kabla mkataba wa miezi sita haujaisha, kwa hiyo iandikwe watoto wake watakwenda wapi.

Chanjo. Kadi ionyeshwe siku ya kuhamia, na tena kila inapohuishwa.

Mahali na saa. Alale wapi, afungwe au afunguliwe saa ngapi, na asifike wapi. Wapo wanaokubaliana mbwa afunguliwe watoto wote wakishaingia ndani kulala.

Usafi. Nani anaokota kinyesi na kinatupwa wapi. Neno “usafi uzingatiwe” halimfungi mtu.

Uharibifu. Wakaguliwe pamoja milango, nyavu, dari na rangi siku ya kuingia, zipigwe picha kwa simu, na pande zote mbili zibaki nazo. Kama mwenye nyumba anataka pesa ya tahadhari, kiasi kiandikwe, na iandikwe pia itarudishwa lini.

Akingʼata mtu. Mwenye mnyama ndiye anayebeba gharama za matibabu.

Mwisho wa ruhusa. Masharti yakivunjwa, ni mnyama anayeondoka au ni familia? Baada ya onyo la ngapi? Hapa ndipo wengi hunyamaza, na hapa ndipo ugomvi huzaliwa.

Mifugo mingine nayo itajwe. Kuku, bata, sungura na njiwa huleta harufu na kelele zao, na halmashauri nyingi za miji zina sheria ndogo za ufugaji. Ofisi ya kata itakuambia kinachoruhusiwa mtaani kwako.

Na kama mbwa ni wa mwenye nyumba?

Mara nyingi mazungumzo haya huwa ya upande mmoja. Mwenye nyumba anamdai mpangaji kadi ya chanjo, huku mbwa wake mwenyewe wa ulinzi akiwa hajawahi kuona sindano. Mzazi anayehamia na watoto ana haki ya kuuliza yaleyale: mbwa wenu amechanjwa lini, anafunguliwa saa ngapi, nani anamfunga asubuhi watoto wakienda shule? Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni. Mtoto anayetoka saa 11 alfajiri kuwahi gari la shule hapaswi kukutana na mbwa aliyesahaulika nje.

Mzazi unayepanga, tangulia kusema

Kwa wazazi wenye mnyama, kosa kubwa ni kumwachia dalali kazi ya kusema. Dalali anataka biashara iishe. Anayempenda mnyama ndiye anayejua kumtetea. Nenda na kadi ya chanjo. Sema anakula nini, analala wapi, umri wake. Kama ulipotoka mliishi naye bila shida, omba mwenye nyumba wa zamani apigiwe simu.

Waeleze watoto ukweli kabla ya kuanza kuzunguka. Zipo nyumba ambazo mtazipenda lakini Popi hataweza kuingia. Wafundishe pia kanuni za kuishi na mbwa mahali penye watu: hasumbuliwi akila, akilala wala akinyonyesha, na mtoto mdogo haachwi naye peke yake hata dakika moja.

Na ikishindikana kabisa, mnyama asitupwe. Kumshusha mbwa usiku mtaa wa pili au kumwacha paka sokoni ni kumtengenezea mtoto wa mtu mwingine hatari, mbali na mateso ya mnyama mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Tafuteni ndugu mwenye uwanja, rafiki, au mwulizeni daktari wa mifugo anayewajua wanaotafuta. Kama mtoto atasindikiza, aende aone mbwa wake anapokwenda. Atalia, lakini hatabaki akijiuliza.

Jibu la Jumapili

Turudi Tabata. Jioni ile mama mwenye nyumba anatoa kigoda na kukaa uani. Anaona mkeka wa jirani, na mtoto anayetambaa akiufikia udongo. Anaona njia ya kutoka vyumba vile viwili: inapita penye bomba, penye kamba, penye mkeka. Anatafuta kwa macho sehemu ya kuweka banda la mbwa, na kila anapoonyesha kidole kuna mlango wa mtu.

Asubuhi hampigii dalali. Anampigia baba wa familia mwenyewe.

“Baba, watoto wako nimewapenda, na vyumba ningependa mvichukue. Lakini uwanja wangu hauna nafasi ya mbwa. Nisingependa mlipe kodi halafu tuanze kugombana.”

Upande wa pili kunakuwa kimya. Kodi ya miezi sita imempita mama, na ada ya shule bado ipo.

“Asante mama kwa kusema mapema,” anasema baba. “Wengine wangepokea pesa kwanza.”

Akishakata simu, baba anampigia dalali. Watazunguka tena, labda Kinyerezi, labda mbali zaidi, kwenye nyumba yenye uzio wake. Safari hii anampa dalali sharti moja: kwa kila mwenye nyumba waanze na habari za mbwa, za vyumba zifuate baadaye.